Msaada wakuu: kamera ya babu ya mkanda wa milimita 8, mkanda unageuzwaje?

Kinyozi Msomi (mleta uzi)
Habari za jioni wanajukwaa. Nina kamera ya sinema ya zamani, ile ndogo ya kushika mkononi, imeandikwa Paillard Bolex B8. Haitumii betri, unatia ufunguo ubavuni, ukibonyeza inaunguruma vizuri tu, trrrrr. Nimesoma kwamba mkanda wake unapita mara mbili: ukiisha upande mmoja unafungua, unageuza, unapiga upande wa pili. Naomba mwenye uzoefu anielekeze namna ya kugeuza, na lenzi niiweke namba ngapi. Nina haraka kidogo, nataka kuitumia Jumamosi. Matusi sitaki.

Pweza Mkavu
Chukua simu, weka filta ya vumbi na mikwaruzo, mlio wa trrrrr toa mwenyewe kwa mdomo. Kazi imeisha. Soda yangu iwe baridi.

Mzee wa Magomeni
Umenikumbusha mbali kijana wangu. Sisi tumeona sinema Avalon, tumeona Empress, na Drive-In ya Msasani, pale ulipo ubalozi wa Marekani leo. Tulikuwa hatuna gari, tunapanda juu ya miti ya nje. Filamu ya Kihindi saa tatu nzima, sauti hatusikii, lakini kesho yake kila mtu mtaani anaisimulia kama aliiandika yeye. Kamera kama hiyo alikuwa nayo jirani yetu mmoja wa Upanga, akitokea nayo watoto wote tunasimama wima tunakauka kama tunapigwa picha ya pasi. Hakuna aliyejua kwamba ile unatakiwa utembee. Endelea kijana, usikate tamaa.

Lenzi Butu
Mleta uzi, ninayo ya aina hiyo hapa Mombasa na bado naitumia. Kugeuza si kazi. Ila kwanza nijibu: mkanda wenyewe unao? Ni wa aina gani, na umeupata wapi? Maana dukani hapa hauuzwi.

Kinyozi Msomi
Mkanda upo mkuu, hilo lisikupe shida. Ni Kodachrome. Nieleze kugeuza tu.

Lenzi Butu
Linanipa shida sana. Kodachrome, ule mkanda wa rangi wa Kodak, mpya haipo duniani. Maabara ya mwisho iliyokuwa ikiisafisha ilikuwa Dwayne's Photo, mji wa Parsons, Kansas, na mwisho wa kupokea mikanda ulikuwa 30 Desemba 2010. Rangi zake hazimo kwenye mkanda, zilikuwa zinaingizwa kule kule maabara wakati wa kusafisha, ndiyo maana huwezi kujaribu nyumbani wala kwa fundi picha wa mtaani. Kwa hiyo nauliza tena: huo mkanda ni wa nani?

Bi Zuhura wa Chumbageni
Na Jumamosi kuna nini? Mtu hawi na haraka na kitu kilichokaa kabatini miaka hamsini.

Kinyozi Msomi
Sawa, niseme yote maana naona mnanihoji kama niko kituoni. Jumamosi kuna harusi, Mbezi. Bibi harusi aliona kamera ofisini kwangu (nina saluni, nimeiweka juu ya kabati kama pambo), akasema anataka video yake iwe na muonekano wa zamani. Tukakubaliana bei. Kianzio nimepokea na nimeshalipia kodi ya fremu ya saluni.

Mkanda ulikuwa humo humo ndani. Ni wa babu yangu, alikuwa karani wa reli Tabora. Kidude cha kuhesabu futi kimesimama mwisho, kwa hiyo upande wa kwanza umejaa, wa pili mtupu. Sasa kuna ubaya gani nikitumia upande ambao haujatumika? Ni kama daftari, nusu ya mwanzo imeandikwa, nusu ya pili haina kitu. Na shughuli ni saa mbili usiku ukumbini, kwa hiyo hata jua halitausumbua.

Lenzi Butu
Subhanallah.

Twende taratibu. Mkanda wa 8 ya kawaida, aliouleta Kodak mwaka 1932, una upana wa milimita 16. Kamera inapiga nusu moja, unabadilisha spuli, inapiga nusu ya pili. Maabara wakishasafisha ndipo wanaupasua katikati na kuunga vipande viwili. Spuli ni ya futi 25, kwa mwendo wa fremu 16 kwa sekunde unapata kama dakika mbili kila upande. Dakika nne jumla, ndugu yangu. Na haina sauti. Hao maharusi umewaambia kwamba "nimekubali" haitasikika?

La pili. Nusu mbili hizo zimo kwenye mkanda mmoja, zinaingia kwenye dawa moja siku moja. Huwezi kusafisha harusi ukamwacha babu. Leo Kodachrome iliyochelewa inasafishwa kwa rangi nyeusi na nyeupe tu, wapo Kanada wanaofanya hivyo kwa mikanda ya zamani, na inatoka na ukungu.

La tatu, mkanda huo hisia yake kwa mwanga ni ASA 25, namba ndogo, yaani unataka mwanga mwingi. Ni mkanda wa jua la mchana. Ukumbini usiku, hata ufungue lenzi mpaka mwisho, utapata taa za dari na meno ya MC.

La nne, ukikosea kuuvalisha, utapiga juu ya picha za babu. Bibi yako atatokea amekaa mapajani kwa bwana harusi.

Pweza Mkavu
Hiyo ya mwisho mimi nailipia kiingilio.

Bi Zuhura wa Chumbageni
Mimi mambo ya ASA siyajui. Najua hela ya watu. Mpigie binti leo, mwambie ukweli, mrudishie chake atafute mpiga picha mwingine mapema. Dada yangu alifanyiwa hivi hivi mwaka ule, mpiga video akaja na kamera mbovu, mpaka leo harusi yake ushahidi ni sare tulizoshona. Halafu swali langu dogo: mama yako anajua?

Kinyozi Msomi
Mama anajua kamera ninayo. Ya mkanda hajaniuliza.

Bi Zuhura nakuheshimu, lakini hela ikishaingia kwenye kodi hairudi. Lenzi Butu, je, nikiweka taa mbili kubwa pembeni ya jukwaa?

Askari Kanzu
Nilikuwa nasoma kimya. Hii ni chai, tena ya rangi isiyo na tangawizi. Mwezi wa saba huyu huyu alileta uzi kwamba babu yake alikuwa nahodha wa jahazi Pangani, kamwachia minazi yenye mgogoro. Leo babu ni karani wa reli Tabora mwenye kamera ya Uswisi. Kesho atakuwa rubani. Karani wa enzi hizo hela ya kamera ya Uswisi aitoe wapi? Tunataka ushahidi. Fungua ubavu wa kamera, piga picha huo mkanda, weka hapa.

Mzee wa Magomeni
Pangani nako kulikuwa na sinema? Sikumbuki.

Kinyozi Msomi
Askari Kanzu, wewe ulizaliwa na mzazi mmoja? Wa Pangani ni mzaa baba, wa Tabora ni mzaa mama. Kamera aliuziwa na bosi wake Mwingereza aliyekuwa anafunga virago baada ya uhuru, wakamkata mshahara kidogo kidogo. Picha naleta sasa hivi, kamera iko mkononi.

Lenzi Butu
USIFUNGUE. Usimsikilize huyo. Taa ya saluni ikiingia humo, mizunguko ya nje yote inaungua. Ukitaka kuutoa, ingia chumba chenye giza totoro, simu iache nje, papasa, funga kwenye karatasi nyeusi.

Na namba za futi zisikudanganye. Kidude hicho kinaanza upya kila kamera ikifunguliwa na kufungwa. Mwisho wa raundi ya kwanza na mwisho wa raundi ya pili zinaonekana vile vile. Kasha la mkanda lipo?

Kinyozi Msomi
Nimepiga picha ya nje tu, hiyo hapo juu. Na kasha la njano lilikuwa kwenye mkoba wa kamera. Kuna mwandiko wa babu kwa peni ya buluu: "1. Stesheni. 2. Idi, mama na watoto."

Lenzi Butu
Basi umejijibu. Moja na mbili. Pande zote zimejaa.

Kinyozi Msomi
Si lazima. Inawezekana ya pili alipanga tu, hakuwahi kuipiga.

Bi Zuhura wa Chumbageni
"Mama na watoto." Mama yako ni mmoja wa hao watoto, na wewe unataka kumwekea juu yake keki ya Mbezi.

Askari Kanzu
Peni ya buluu hata mimi ninayo. Chai inaendelea kuchemka.

Lenzi Butu
Kinyozi, kama unataka kujifunza kweli, Foma wa Ucheki bado wanatengeneza mkanda wa 2x8, yaani huu huu wa kupita mara mbili, unaitwa Fomapan R100, mweusi na mweupe. Hauwezi kufika Jumamosi. Ukiupata, usipige saa saba mchana maana lenzi haitaweza kujibana kiasi cha kutosha, subiri saa kumi na moja jioni. Wa babu utoe gizani, uutafutie njia ya Kanada. Harusi piga na kitu kingine.

Kinyozi Msomi
Nashukuru mkuu. Nitaongea na bibi harusi kesho, au keshokutwa. Ila ile ya taa mbili kubwa hukunijibu.

Pweza Mkavu
Mkuu, nirushie namba ya bwana harusi PM. Filta ya vumbi nimeshapakua.