Mrejesho: Nimefika Namugongo kwa miguu

Wapendwa, mwezi wa tano niliwauliza kama mwanamke anaweza kutembea peke yake kutoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, hadi Namugongo, karibu na Kampala, kuhiji kwa Mashahidi wa Uganda. Mkanishauri nijiunge na kundi la parokia. Nilifanya hivyo, asanteni sana.

Tulipofika Iganga malengelenge yalinizidi. Mama mmoja wa Bungoma, ambaye hata jina langu hakulijua, alichana leso yake akanifunga vidole kimoja baada ya kingine. Toka hapo hatukuachana: Jinja, msitu wa Mabira, Lugazi, Mukono, tukisali rozari. (Malori hupita karibu mno, tembeeni alfajiri.)

Tarehe 3 Juni tulisimama pamoja pale alipochomwa shahidi Karoli Lwanga kwa ajili ya imani yake mwaka 1886, tukalia. Jana mama yule kanipigia, ananiita mwanangu. Agosti naenda kwake.