Nataka kusomea unesi halafu niende nje, nianzie wapi?

Habarini wakuu. Nimemaliza sekondari, bailojia na kemia nimefaulu vizuri. Nianze na diploma au digrii? Na kuna wakala anataka hela saa hizi, nimpe?

Jibu: Usimpe hata senti ndugu yangu, chuo chenyewe hujaingia! Kabla ya kulipa ada popote hakikisha chuo kinatambuliwa na baraza la wauguzi, maana huko nje wanaanza kuangalia leseni na masaa yako ya wodini, kama chuo hakitambuliki hapo umekwama. Diploma sio mbaya, utajiendeleza.

Jibu: Inategemea nchi. Uingereza ni IELTS, mtihani wa Kiingereza, alama 7, kuandika 6.5, halafu mtihani wa kompyuta na ule wa vitendo, OSCE. Marekani NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya unesi. Ujerumani Kijerumani mpaka kiwango cha B2, na hicho kianze mapema kabisa.

Jibu: Mimi nasisitiza logibuku, kile kitabu cha kurekodi kazi unazofanya wodini ukiwa mwanafunzi. Msimamizi asaini hapo hapo ukimaliza kufunga kidonda au kutoa dawa, nimeona watu wanazunguka kutafuta saini za zamani na msimamizi alishahama, inauma sana.

Muuliza: Asanteni mno, wakala namuacha.