Mliogeuza mapenzi ya skii kuwa kazi ughaibuni, tupeane uzoefu

Mtoto wa Eldoret: Wakuu, leo binti yangu kaniuliza nilianzaje skii, huu mchezo wa kuteleza kwenye theluji, nikamkumbuka Mkenya mwenzetu Philip Boit kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, 1998. Kilomita 10, akafika wa mwisho, wa 92, na Mnorwe Bjørn Dæhlie aliyekwisha shinda dhahabu akamsubiri mwishoni, akamkumbatia. Nilikuwa darasa la sita, na ndoto haikuniacha tena. Sasa nafundisha watoto Tirol, Austria, msimu wa 11. Wenzangu, semeni, hasa yale magumu.

Dada wa Dubai: Mimi nilianzia ule ukumbi wa skii ya ndani wa Mall of the Emirates, Dubai, kwa mkataba wa usafi. Nje joto linaunguza, ndani chini ya sifuri. Nafuta vioo, macho yako kwa wanaoteleza. Siku ya mapumziko hela yangu iliishia kwenye tiketi. Mwaka wa tatu nikavalishwa koti la msaidizi wa walimu. Nililia chooni.

Baba Nuru: Hongera dada, ila ya ndani si skii. Mteremko wa mita 400, hakuna ukungu, hakuna upepo.

Dada wa Dubai: Kaka, kwetu Tanga ningeanzia mlima gani?

Mtoto wa Eldoret: Baba Nuru, muache. Kugeuka ni kugeuka.

Theluji ya Machi: Jamani, acheni ubishi. Mimi niko Ufaransa. Siku ile hatari ya theluji kuporomoka ilitangazwa 3 kati ya 5, na wengi husikia 3 wakadhani ni salama. Tulitoka nje ya njia zilizotengenezwa, mimi na mwenzangu. Nikasikia mguno chini ya miguu, theluji ikapasuka mbele yangu kama gamba. Mimi ilinifukia hadi kifuani, yeye sikumwona kabisa. Nikajichimbua, nikawasha kifaa cha kutafutia aliyefukiwa, mikono inatetemeka hata namba sizisomi. Dakika 15 za kwanza ndizo zenye uhai, hilo nilifundishwa. Nikachoma theluji kwa kijiti kirefu cha kumtafutia mtu chini, mara ya nne, kikagota. Theluji iliyoporomoka ikatulia huwa ngumu kama kichuguu. Nilichimba nikimwita kwa jina la utani. Midomo ya bluu, lakini anapumua.

Baba Nuru: Subhanallah.

Mama Kevin: Pole sana mwanangu. Nyumbani wanajua?

Theluji ya Machi: Bado, mama. Wanajua nafundisha watoto tu.

Mgeni Nairobi: Nina miaka 31, nimechelewa? Ninunue nini kwanza?

Baba Nuru: Viatu vyako mwenyewe. Mbao za kutelezea azima.

Dada wa Dubai: Usinunue chochote msimu wa kwanza! Lipia cheti cha ualimu.

Mtoto wa Eldoret: Kwa huku, Kijerumani kwanza. Mtoto wa miaka minne akibanwa na mkojo katikati ya mteremko, hataki ishara za mikono.

Theluji ya Machi: Kifaa, koleo na kijiti. Viatu baadaye.