Naombeni dawa ya jasho la mgongo, nimekwama

Fundi_Skrini: Wakuu, habari za majukumu. Mgongo na tumbo vinamwaga jasho, nabadilisha shati mara tatu kwa siku. Nikinyanyuka kwenye kiti cha plastiki naacha ramani. Viganja sasa hivi ni vikavu kabisa. Niko Dar. Mafuta gani yanakausha? Msinitukane.

Mzee_wa_Kijiwe: Hilo ni joto la Dar, mkuu. Hamia Makete kwenye baridi.

Nusukaputi: Viganja "sasa hivi" ni vikavu? Vilikaushwa na nini?

Fundi_Skrini: Nilifanyiwa upasuaji mdogo wa jasho la viganja India, wiki tisa zilizopita. Ila siyo nilichouliza.

Nusukaputi: Ndicho ulichouliza bila kujua. Upasuaji huo siyo mdogo: unalazwa nusukaputi, pafu moja linanywea kwa muda, kamera inapita kwapani kati ya mbavu, kisha neva ya simpathetiki, inayochochea jasho na inayopita kando ya uti wa mgongo, inakatwa, inachomwa au inabanwa kwa klipu. Viganja vinakauka hapo hapo, halafu jasho linahamia mgongoni, tumboni, kinenani na mapajani. Hayo ndiyo madhara yanayotokea zaidi. Soma karatasi ya kuruhusiwa: ubavu wa ngapi, na ilikatwa au klipu?

Bi_Mswaki: Mnahangaika na mwili aliowapa Mungu. Kabla ya kisu kulikuwa na alumini kloraidi asilimia 20, unapaka usiku kwenye ngozi kavu, asubuhi unanawa. Kuna mashine ya umeme pia: viganja kwenye beseni la maji ya bomba, miliampea 15 hadi 20, dakika 20 hadi 30, mara tatu kwa wiki. Haifai kwa mjamzito wala mwenye betri ya moyo. Nani alikuharakisha?

Fundi_Skrini: Nilijaribu mafuta mwezi mzima. Karatasi inasema T2 mpaka T4, yaani karibu na ubavu wa pili hadi wa nne, pande zote, imechomwa. Uso nao umekauka, ila nikila pilipili paji la uso linachuruzika. Nimeshalipa nusu ya gharama ya kurudi kuunganishwa neva iliyochomwa kwa kipande cha neva ya mguuni. Daktari wa kule ana uzoefu, siyo kama nimekurupuka.

Kiroboto: Hii chai. Uso umekauka, halafu pilipili ikiingia unachuruzika? Chagua moja. Na akaunti umefungua juzi!

Mzee_wa_Kijiwe: 😂 Chai ya tangawizi. Leta picha ya karatasi.

Nusukaputi: Kiroboto, hapo ndipo ninapomwamini. Jasho la joto na jasho la chakula haliendeshwi sawa, na baada ya upasuaji huu wengine hutokwa jasho usoni wanapokula au hata wanaponusa chakula. Mtunga chai hajui hilo. Kinachonisumbua ni T2. Mwongozo wa madaktari wa upasuaji wa kifua wa 2011 ulitaja ubavu wa tatu au wa nne kwa viganja. Ukipanda juu, jasho la kuhamia linazidi, na unakaribia kifundo cha neva kinachohudumia jicho. Fundi, kope zako ziko sawa?

Fundi_Skrini: La kulia limelegea kidogo. Nilidhani usingizi.

Bi_Mswaki: Wiki tisa za usingizi!

Nusukaputi: Simama mbele ya kioo, punguza taa, tazama mboni. Iliyoathirika inachelewa kufunguka. Kope kulegea pamoja na mboni ndogo ni dalili za Horner, yaani neva inayohudumia jicho imeumia. Neva ikiwa imevutwa au imepata joto tu, hurudi polepole. Ikiwa imekatwa, usisubiri muujiza. Muone daktari wa macho na wa neva. Pima mapigo ya moyo umetulia, maana neva hiyo inachochea moyo pia. Unameza propranolol, dawa inayopunguza mapigo?

Fundi_Skrini: Ndiyo, ya wasiwasi. Mapigo 52.

Nusukaputi: Usiiache ghafla, ila daktari ajue leo, na ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ifanyike. Ukizimia au kifua kikibana, hospitali moja kwa moja. Mafuta hayatoshi kwa mgongo mzima. Kinachojaribiwa ni kidonge cha oksibutinini, miligramu 2.5 usiku, ikipandishwa taratibu hadi 5 mara mbili kwa siku. Kinywa kinakauka, choo kinakuwa kigumu. Mwenye glaukoma au mkojo unaoziba asiguse. Joto la Dar nalo litakulemea, kwa sababu unapunguza jasho kwa mwili uliokwisha kukaushwa juu. Kuhusu neva ya mguuni: hata klipu ikitolewa mapema hakuna uhakika, sembuse iliyochomwa. Unaongeza kidonda na ganzi pembeni ya unyayo. Omba urudishiwe pesa.

Kiroboto: Haya, nafuta kauli. Lakini karatasi leta.

Fundi_Skrini: Tiketi ni tarehe 18, haibadilishwi, na aliyenilipia ni kaka. Nimezima taa. Ya kushoto imefunguka. Ya kulia bado.