Naomba ushauri: paa la jengo la zamani Moshi mjini linavuja

Wakuu habari. Tuna jengo la familia hapa Moshi mjini, la enzi za mkoloni, yale ambayo ukuta wa mbele umepanda juu kuficha bati. Linavuja kandokando ya ukuta, katikati pakavu. Gata (mfereji wa maji ya mvua) iliyojificha nyuma ya ukuta huo imeliwa na kutu. Fundi mmoja anasema tupake lami tu. Mwingine anataka tung'oe bati zote tuweke za geji 28 (kipimo cha unene wa bati), wakati kenchi, yaani fremu inayobeba bati, bado ngumu (huyu naona anatafuta hela). Theluji inaishia Kibo, kileleni Kilimanjaro, ila masika ya Machi hadi Mei hayana huruma. Nibadilishe gata peke yake? Na maungio ya bati na ukuta wa jirani mnazibaje yakadumu?