Naomba ushauri: "densité" (wingi wa maada katika ujazo fulani) niwaambie watoto nini kwa Kiswahili?

Ndugu zangu, shikamooni kwa wakubwa. Ninafundisha sayansi darasa la sita hapa Goma. Vitabu vyetu ni vya Kifaransa, lakini ninaeleza kwa Kiswahili, maana ndipo macho ya watoto yanapofunguka.

Wiki jana nilifundisha mazuku, ile hewa ya kuua, yenye kaboni dioksidi nyingi, inayotoka ardhini. Jina hilo kila mtoto analijua, ni letu. Nilichanganya siki na magadi ndani ya chupa, kisha nikaiinamisha juu ya mshumaa, hewa tu, bila kumwaga tone. Mwali ukalala, ukazima. Msichana mmoja akauliza: "Mwalimu, kama ni hewa, mbona inamwagika kama maji?"

Nilitaka kumjibu kwamba kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara moja na nusu, ndiyo maana inatulia mabondeni na kuua mbuzi aliyeinamisha kichwa. Lakini nzito vipi? Nikisema "uzito", wanafikiria mizani. Nikisema "msongamano", wanafikiria watu sokoni. Kuna wanaosema "densiti". Lipi litashika?

Na "pression", ile nguvu ya maji kukandamiza, inayoshikilia gesi chini ya ziwa Kivu: kanieneo, mgandamizo au shinikizo? Lava nimekuta "zaha", ila hapa, hata baada ya volkano Nyiragongo kulipuka 2002 na 2021, sijasikia mtu akilitamka.

Walimu wenzangu, hasa wa Bukavu na Tanzania, ninyi mnatumia yapi darasani? Jumatatu narudi kwenye somo hilo.