Naombeni ushauri: nataka kubobea katika tiba ya wazee

Hamjambo wenzangu. Mimi ni daktari hapa Nairobi, na wagonjwa wazee ndio hasa ninaotaka kuwahudumia. Juzi wodini tulipokea shosho wa miaka 82 aliyechanganyikiwa ghafla, hata majina ya wanawe hakuyajua. Hakuwa na homa wala kikohozi cha maana, kumbe ni nimonia. Mkobani mwake mlikuwa na dawa chungu nzima, zikiwemo tembe za usingizi, ambazo kwa mzee huweza kuleta kuchanganyikiwa na kuanguka. Hata kipimo cha kreatinini, yaani taka itokayo kwenye misuli na kuchujwa na figo, huweza kuonekana sawa ilhali figo zimedhoofika, kwa kuwa misuli imepungua. Mambo haya chuoni tuliyapitia juujuu tu.

Marekani daktari husomea tiba ya ndani (magonjwa ya ndani ya watu wazima) au ya familia miaka 3, kisha huongeza angalau mwaka 1 wa tiba ya wazee. Je, mimi nifanye uzamili wa tiba ya ndani hapa nyumbani kisha nitafute nafasi nje, tuseme Afrika Kusini, au tiba ya familia inanifaa zaidi? Aliyepitia njia hii anieleze pia namna ya kuzungumza na familia zinazovutana juu ya matibabu ya mzazi. Hapo ndipo ninapokwama zaidi.